Punje ya Ulezi Chini ya Unyayo Wako

Mwanangu Evelina,

Kama umefika kwenye maneno haya, basi umejaribu kuvaa kiatu cha kushoto na vidole vimegonga karatasi. Nimeiweka humo makusudi. Ningeiweka ndani ya Biblia ungeikuta Pasaka. Ningeiweka kwenye begi ungedhani ni orodha ya vitu nilivyosahau kukununulia. Kiatu huwezi kukikwepa, mwalimu, maana huwezi kwenda kuanza kazi Mutaho na mguu mmoja.

Chukua kabisa kalamu yako nyekundu. Mimi niliishia darasa la nne kule Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, na hilo la nne nililisoma mara mbili. Mama yako alikuwa anasema nililipenda. Kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, wewe sahihisha ukifika.

Sitakuambia habari za kuchemsha maji, wala kufunga mlango, wala vijana wa Mutaho wanaobeba wasichana kwenye baiskeli. Shangazi zako wamekuhubiria hayo wiki nzima mpaka nikaanza kuwaonea huruma hao vijana. Sasa hivi umekwenda kuaga wanakwaya, jua bado liko juu ya migomba, na mimi nimekaa kwenye benchi la nje na daftari lako la zamani. Nina jambo moja tu. Ni lile la Alhamisi.

Alhamisi ulikuwa unasugua miguu kwa jiwe ili ujaribu viatu vya ualimu. Ulipoinua mguu wa kushoto nikaona doa jeusi chini ya unyayo, karibu na mzizi wa kidole kidogo. Nikakuuliza, hiyo ni nini? Ukasema, "Alama ya kuzaliwa, baba. Au unataka kunichokoa kama zamani?" Ukacheka. Mimi nikasema ya mama yako nayo ilianza hivyo hivyo, twende ukaonyeshe. Hapo ukaacha kucheka. Ukasema, "Ya mama ilitegwa njiani, kila mtu anajua. Mimi sina adui, nani atanitegea?" Ukavaa kiatu ukaenda kuota jua.

Mimi, ambaye hata padri ananiomba nipunguze maneno, nikaokota jiwe lako nikaliosha. Ulichosema ulikitoa kwangu. Mimi ndiye niliyekulisha huo uongo ukiwa na miaka kumi na mitano, na sasa umekaa kati yako na muganga wa hospitali kama mbwa mlangoni. Lazima nimfukuze mwenyewe.

Na alama si ya kuzaliwa. Ungeweza kumdanganya mtu mwingine yeyote, lakini si mimi. Nyayo zako nimezishika tangu hujajua kusema. Ulipokuwa na miaka sita nilikutoa funza kumi na mmoja kwenye mguu huo huo, ukinipiga ngumi kichwani kila funza mmoja. Najua kovu la kisigino, najua lile la kioo cha chupa. Pale kwenye mzizi wa kidole kidogo palikuwa peupe kama kiganja.

Unakumbuka kazi yangu. Huku nyumbani wanasema imvunja, kule Tanzania tulisema funza, lakini mdudu ni yule yule na mchokoaji alikuwa mimi. Watu wa kilima chetu chote cha Mwakiro walikuja kwangu. Nilikuwa na pini yangu, ninaichoma motoni, naweka mguu wa mtu kwenye goti, nazunguka taratibu, namtoa mdudu na kifuko chake cha mayai mzima mzima bila kupasua. Malipo ni kibuyu cha urwarwa na sifa. Sifa ndizo zilizoniharibu. Pombe ya ndizi angalau inakwisha asubuhi.

Mama yako aliniletea kisigino chake mwaka ule ulipokuwa bweni. Alisema, "Zakariya, hebu niangalie, kuna kitu." Kilikuwa kidogo, cheusi, sawa na punje ya ulezi. Nikachoma pini. Nikachokoa, hakuna kifuko. Nikamwambia huyu ni funza mjanja, amezama. Tulicheka. Nikapaka mafuta ya taa, mambo yakaisha.

Sasa sikiliza, Evelina, maana hapa ndipo ninapojilaumu zaidi. Funza ana dalili zake. Anawasha, mpaka mtu anasugua mguu kwenye jiwe kama ng'ombe. Na akishiba anakuwa mweupe, na nukta nyeusi katikati. Kile cha mama yako hakikuwasha hata siku moja, na kilikuwa cheusi chote, kingo zake zimepindapinda kama ramani. Mimi nilijua. Vidole vyangu vilijua. Mtoto wa darasa lako angeniambia, babu, huyu si funza. Lakini ningeanzaje kusema mbele ya mke wangu kwamba kuna kitu kwenye mguu wa mtu ambacho Zakariya hakijui?

Nilichokoa mara tatu. Mara ya pili kilikuwa kama punje ya mtama. Mara ya tatu kilikuwa kama haragwe, kinatoa maji na damu, na rangi zimechanganyika, nyeusi na kahawia na kitu kama zambarau. Kati ya hizo mara tatu ilipita miezi. Tulipokwenda hospitali kubwa, tayari alikuwa na uvimbe kwenye kinena, mgumu kama kokwa la parachichi.

Muganga alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa dada yako. Akauangalia ule mguu, akauliza, "Nani amekuwa akichokoa hapa?"

Nikafungua mdomo. Mama yako akaniwahi. Akasema, "Ni mwiba, muganga. Nilikanyaga mwiba nikajitoa mwenyewe."

Alisema hivyo bila kuniangalia. Mama yako, aliyekuwa akiungama hata kula karanga za jirani, alimdanganya muganga usoni ili nisiaibike.

Mimi nilimfuata yule binti nje nikamwambia ni mimi. Nilitaka anitukane. Akaniambia, "Bon, muzee. Pini yako haikuleta ugonjwa. Ilileta kuchelewa." Nimeyabeba maneno hayo miaka tisa, na bado sijajua kama aliniokoa au alinihukumu. Nadhani yote mawili, kwa sauti ile ile.

Akanichorea nyuma ya karatasi ya miadi, nami nakuchorea kwa maneno. Ngozi si kitu kimoja. Ni kama mkeka uliowekwa juu ya mkeka. Juu kuna seli bapa, zimelaliana kama magamba ya samaki wa ndagara. Chini kabisa kuna seli za mviringo, ndizo zinazozaa zile za juu. Na humo chini, katikati yao, wamekaa wapaka rangi, wale waliotufanya sisi kuwa na rangi hii nzuri. Kila mmoja katika hawa anaweza kuharibika akaanza kuzaana bila kusikia la mtu, na anavyoharibika mmoja si anavyoharibika mwingine. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kansa ya ngozi, muulize ipi.

Yale majina ya Kifaransa sikuyaweza, nikayapa yangu. Yule binti alicheka, na siku ile nilihitaji mtu acheke.

Ya seli za chini nikaiita Mzembe. Inakwenda polepole, inakaa palepale ilipoanzia, inatafuna pua au sikio kidogo kidogo, ni nadra kusafiri. Ya magamba ya juu nikaiita Mchokozi, kidonda kigumu kisichopona, ambacho ukikiacha kinaweza kuhama. Hizo mbili zinapenda jua, na zinawatafuta zaidi watu wenye ualbino, kwa sababu wao wapaka rangi wao hawafanyi kazi, na jua linaingia kama nyumba isiyo na bati. Siku ile tulikaa benchi moja na kijana wa hivyo, kofia kubwa, amefungwa bandeji sikioni. Akaniuliza, "Muzee, na wewe umekuja kwa ajili ya jua?" Nikasema mimi nimekuja kwa ajili ya ujinga. Akasema basi nisogee, benchi hili ni la jua tu. Ukipata mtoto wa hivyo darasani, usimkalishe dirishani, na usimtoe nje saa sita kucheza mpira bila kofia na mikono mirefu. Mimi zamani nilikuwa nawaita majina. Sitakuandikia majina hayo.

Mchokozi ana tabia nyingine, na hii mshukuru Haruna, yule muuza sambusa wa Muyinga mjini. Haruna alimwagikiwa mafuta ya moto mkononi akiwa mtoto. Kovu lilikaa pale miaka hamsini, tulivu kabisa. Mwaka mmoja baada ya kumzika mama yako nikakuta kovu limefumuka, kidonda chenye kingo zilizoinuka, na yeye anakifunga kwa gazeti la kufungia sambusa.

Nikamwambia twende hospitali. Akasema, "Mi siendi. Iko kovu ya zamani tu, imekumbuka."

Nikamwambia, "Makovu hayakumbuki, Haruna. Hili linakua."

"We ulisoma udaktari lini, muzee wa funza?"

"Siku niliyomzika Konsolata," nikasema.

Akafunika kikaango, tukaenda. Walimkata kipande wakakipeleka kukipima, maana hakuna jicho linalotosha, hata la muganga, lazima kipande kiangaliwe kwenye mashine. Wakarudi wakakata pana zaidi, wakachukua ngozi ya paja wakaibandika mkononi. Leo anauza sambusa na anawaambia wateja kwamba mkono wake una paja. Hilo umelisikia mara mia. Sasa unajua kwa nini mimi huwa silicheki.

Ya mama yako ilikuwa ile ya wapaka rangi. Hiyo jina lake nimelikariri, melanoma, lakini mimi nilimwita Mkimbizi. Nina haki na jina hilo, nilikuwa mkimbizi miaka thelathini na sita. Mkimbizi hakai. Akivuka mpaka wa kwanza ni vigumu kumrudisha. Anaanza juu, anashuka ndani, anaingia kwenye matezi, kinena, kwapa, halafu mapafu, ini, popote. Na kwetu sisi weusi, kumbe, hatafuti jua. Anakwenda kujificha mahali ambapo rangi ni kidogo na jua halifiki, kwenye unyayo, kiganjani, chini ya kucha kama mstari mweusi. Yaani pale pale ambapo sisi tunaona mwiba, tunaona funza, tunaona tope. Akikamatwa mapema, akiwa bado juu, wanamkata na mtu anarudi shambani. Hilo alinisisitizia mara mbili.

Sisi hatukuwahi. Mama yako aliishi miezi mitano baada ya siku ile. Wiki za mwisho aliniambia, "Usimwambie mtoto habari ya pini. Atakuchukia, na atabaki na mzazi mmoja tu." Mimi nikakubali haraka sana. Haraka kuliko inavyompasa mtu anayeombwa jambo zito. Nikajificha nyuma ya maneno yake miaka yote hii na kuyaita utii.

Ulipokuja kutoka bweni, tayari watu walikuwa wanasema Konsolata amekanyaga kitu kilichotegwa kwenye njia ya kisimani. Na njia ya kisimani inapita kwa nani? Kwa Mama Venansi, mjane, mwanamke asiye na mtu wa kumsemea. Uliniuliza, "Ni kweli, baba?" Nikasema, "Watu wanasema." Hayo tu. Sikusema ndiyo, nikajiona mtu mwema. Ukaacha kumsalimia yeye aliyekuwa anakupa maharage kila ukitoka shule. Mwaka haukuisha, akarudi kwa kaka yake kule Nyarusange na godoro kichwani. Mimi nilisimama kwenye migomba nikamwona akipita.

Sasa ile safari yangu ya Ijumaa. Nilikuambia naenda Muyinga kuangalia mbuzi. Hakuna mbuzi. Nilipanda basi mpaka Gitega, nikapanda baiskeli ya abiria mpaka Nyarusange, yule mwendeshaji akinung'unika kwamba muzee huyu ni mzito kuliko anavyoonekana. Nikamkuta Mama Venansi anapura maharage uani. Amezeeka. Mimi pia, lakini mimi nilikuwa nimejiandaa.

Akasema, "Zakariya. Mtoto iko salama?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza, Evelina. Alikuuliza wewe.

Nikamwambia yote, nimesimama, kofia mkononi, pini, mara tatu, kimya changu. Akaendelea kupura mpaka nilipomaliza. Halafu akaniletea maji. Maji matupu, kwa mgeni aliyetoka Muyinga. Nikayanywa yote.

"Umechelewa miaka tisa, we muzee," akasema.

"Najua."

"Na mtoto umemwambia?"

"Bado."

Akachukua kikombe chake. "Basi bado hujafika hapa."

Akarudi kwenye maharage yake. Nililala Gitega kwa rafiki wa Haruna, nikarudi jana, nikakudanganya kwamba mbuzi alikuwa mwembamba.

Kwa hiyo hii barua ndiyo safari yenyewe. Wewe huna adui, ni kweli, na mama yako hakuwa naye pia. Alikuwa na ugonjwa, na mume mwenye sifa. Usinisamehe upesi kwa sababu mimi ni mzee na nachekesha. Na habari ya Mama Venansi sikutumi huko. Deni la maneno ni langu, nitarudi mwenyewe nikiwa nimefika.

Ninachokuomba ni mguu. Una siku mbili Gitega kabla ya kupanda Mutaho, unangoja barua yako ya kazi. Siku ya kwanza nenda hospitali, vua kiatu, mwambie muganga mama yako alikufa kwa melanoma ya unyayo. Litaje hilo neno hivyo hivyo, nimekuandikia kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi hii. Akisema ni funza, mwambie haiwashi. Akisema ni ya kuzaliwa, mwambie baba yako anasema hapana, na baba yako kwenye mambo ya nyayo ni profesa aliyefukuzwa kazi. Akitaka kukata kipande akapime, mwache akate.

Chini ya barua nimebandika punje moja ya ulezi kwa gundi ya Haruna, ule uji wa unga anaozibia sambusa. Alhamisi doa lako lilikuwa kiasi hicho, hilo jicho langu la kupanda mbegu halikosei. Si ya kukaa nayo ukisubiri likue, unanisikia? Mimi nilisubiri mtama, nikasubiri haragwe. Ni ya kumwonyesha muganga ajue lilianzia wapi.

Mara nyingi doa ni doa tu. Yule binti alisema hivyo pia. Inawezekana kabisa nimekuharibia safari bure. Wakikuambia hivyo, rudi Krismasi unicheke mbele ya kilima kizima, kiti nitakuletea mwenyewe, na Haruna atasimulia. Hakuna kitu nataka mwaka huu kama kuchekwa. Wakikuambia jingine, utakuwa umewahi, na mimi nitapanda basi lile lile. Safari hii sitasema naenda kuangalia mbuzi.

Pini niliitupa chooni siku tuliyomzika mama yako. Watu bado wanakuja, nawaambia macho yamekwisha. Macho hayajaisha.

Asubuhi utanikuta hapa kwenye benchi, najifanya naangalia kuku. Kama umekasirika na hutaki kuniaga, pita, wala usinionee haya. Kasirika ukiwa njiani kwenda kwa muganga. Mimi nitaangalia tu mguu wa kushoto unavyokanyaga, mpaka kona ya kisima.

Sasa toa karatasi, uvae kiatu.

Baba yako,
Zakariya